UZI: Mgogoro ukiingia kanisani au ofisini kuna muda mfupi sana wa kubadilika. Nyie mliuwahi au uliwapita?

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu kwema? Huu uzi nimeukalia muda mrefu, leo nimeamua niushushe wote, maana kila nikipita humu nakuta mtu kaandika "mgogoro ni fursa" halafu anaondoka zake kama vile kamaliza kazi. Mimi hiyo kauli sikubaliani nayo hata kidogo. Mgogoro ni mgogoro tu, unaumiza watu, unagawa makanisa, unafunga makampuni, na wengi wanaopigwa nao hawasimuliki tena. Ila kuna kitu kimoja unafanya ambacho hakuna semina wala mpango mkakati wa miaka mitano unaoweza kukifanya, nacho ni kufungua makabati.

Nasema makabati kweli kweli, siyo fumbo. Kanisani kwetu tulikuwa na mhazini, mzee mmoja mwaminifu sana, miaka kumi na nne kwenye kiti kile na hajawahi kugusa hata senti ya mtu, hilo nalisema mapema kabisa ili mtu asianze kuwaza wizi. Jumamosi moja usiku akapata kiharusi. Jumapili asubuhi tunaambiwa yuko hospitali, hawezi kuongea, tukaomba, watu wakalia, sadaka ikatolewa kama kawaida, halafu baada ya ibada wale walioshika vikapu wakabaki wamesimama nyuma pale hawajui wavipeleke wapi. Yani kweli. Miaka kumi na nne vikapu vinaenda kwa mtu mmoja, yeye ndo mwenye ufunguo wa kabati, yeye ndo mwenye laini ya simu inayopokea michango, sahihi ya pili benki ni ya kwake, na namba ya siri iko kichwani mwake, na hicho kichwa ndo kimelazwa.

Wiki ya tatu mlinzi na katibu hawajalipwa. Ikabidi aitwe fundi avunje kitasa cha kabati. Nilikuwepo. Ndani kulikuwa na risiti zimechomekwa kwenye msumari mrefu, bahasha zimefungwa kwa mipira ya mpira mwezi kwa mwezi, na madaftari makubwa ya mistari yameandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu, shida ikawa moja, kila kitu kimeandikwa kwa vifupisho vyake. "M.K. bado." "Bz nusu, nusu akirudi." Nani M.K.? Anarudi kutoka wapi? Tulikaa watu sita tunazungusha daftari kama watu wanaosoma maandishi ya makaburini.

Sasa kikao kikaitishwa, na hapa ndo penyewe. Mlishaona vikao vya namna hiyo, kwanza ni pole nyingi, halafu linatolewa pendekezo la kuteua mhazini mwingine, watu wanainua mikono, sala ya kufunga, kwisha. Na ndivyo ilivyokuwa inaelekea. Ila kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, huwa haongei kwenye vikao, akasimama akauliza swali moja tu: na mchungaji naye akianguka kesho je?

Kimya. Mimi nilijua pale mama kaharibu, maana kwetu swali kama hilo lingeweza kuchukuliwa ni kumwombea mtu mabaya. Mchungaji akakaa kidogo, akaingiza mkono mfukoni akatoa fungu la funguo zake akaliweka juu ya meza. Akasema hesabuni. Zilikuwa tisa. Katibu akachukua karatasi akaanza kuandika huu wa nini, huu wa wapi, na mbili mchungaji mwenyewe hakujua zinafungua nini, alikabidhiwa na mchungaji aliyemtangulia naye akawa anatembea nazo tu miaka yote ile.

Ile karatasi ya funguo ndo ilibadilisha kanisa letu kuliko chochote. Kutoka pale ikaja orodha ya nani anajua nini peke yake (ilikuwa ndefu, tuliona aibu), sadaka ikaanza kuhesabiwa na watu watatu wanaobadilishana, mezani, mbele ya anayetaka kuangalia, binti mmoja anayesomea uhasibu akahamishia madaftari yote kwenye kompyuta, taarifa ya fedha iliyokuwa inasomwa dakika mbili kabla ya baraka wakati watu wameshashika mikoba ikahamishiwa katikati ya ibada ya mwisho wa mwezi, na viongozi wakawekewa ukomo wa vipindi. Kuna na vitu vilikufa, msije mkadhani nimekuja kusifia. Tuliunda kamati tano, nne zilikutana mara moja hazikukutana tena.

Na kingine nilichokiona ni muda. Mambo yote ya maana tuliyafanya ndani ya wiki kama sita hivi. Ilipofika wiki ya nane mhazini mpya ameshapatikana, mishahara inatoka, watu wakaanza kusema sasa haya makaratasi yote ya nini tena, si mambo yameshatulia. Kama tungesema tusubiri kwanza hali itulie ndo tubadilishe utaratibu, tusingebadilisha kitu, nawaambia ukweli.

Kwahiyo hoja yangu ndo hii: mgogoro haukuletei mabadiliko, unakuonyesha tu kilichokuwa kimeoza siku zote, na unakupa muda kidogo ambao watu wako tayari kusikia. Ukitumia huo muda kutafuta wa kumlaumu, au kuziba tu lile tundu, umeisha. Karibuni mniambie kwenu ilikuwaje, makanisa, makampuni, vyama, vyote twende.

Zege Halilali

Nimekaa pale siti ya mbele nasubiri madini.

Ila mkuu hiyo ya vikapu kukosa pa kwenda nimecheka halafu nikaacha kucheka ghafla maana kwetu iko hivyo hivyo HADI LEO.

Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi umeandika vizuri, naongezea kwa upande wa Biblia maana watu wengi wanadhani kanisa la kwanza lilikuwa na amani tupu.

Matendo sura ya 6. Kanisa bado changa kabisa, linakua haraka, halafu inatokea kelele, wajane wa wale Wayahudi waliokuwa wanaongea Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Huo ni mgogoro wa utawala mtupu, siyo wa imani. Na ni wa kikabila kidogo, tuseme ukweli, hawa wa Kiebrania wanapata, wale wa Kiyunani wanarukwa. Mitume wangeweza kusema acheni manung'uniko, ombeni. Hawakusema hivyo. Walikubali kwamba kazi imewazidi, wakaliambia kundi lichague watu saba.

Sasa soma majina ya hao saba taratibu: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao ambaye ni mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani! Siwezi kuapa kwamba wote walitoka upande wa walalamikaji, maana hata Myahudi wa Kiebrania angeweza kuwa na jina la Kiyunani, ila inaelekea sana huko. Waliorukwa ndo walikabidhiwa kusimamia mgao. Siyo kamati mseto ya nusu kwa nusu, siyo "tutalifanyia kazi". Niambieni kanisa gani leo, au kampuni gani, ikilalamikiwa na kundi fulani inalikabidhi hilo kundi funguo za stoo.

Na mstari wa 7 unasema baada ya hapo hesabu ya wanafunzi ikazidi sana.

Kisha sura ya 8, Stefano ameshauawa, mateso makali, wanatawanyika wote isipokuwa mitume. Na sura ya 11 unakuta waliofika Antiokia na kuanza kuhubiri kwa Wayunani ni watu wa Kipro na Kirene ambao hata majina hawakuandikwa. Yani jambo kubwa kuliko yote lilifanywa na wakimbizi wasio na cheo wakati viongozi wako makao makuu.

Kalamu Butu

Mwalimu hiyo ya majina ya saba sikuwahi kuiona na nimesoma hiyo sura mara mia. Asante sana.

Injinia Mstaafu Mtarajiwa

Ngoja nilete upande wa mashirika, na nitaleta shirika moja tu, NASA, lile la anga za juu la Marekani, ambalo lilifanya vyote viwili, lilijifunza na likasahau.

Januari 27, 1967, wanaanga watatu wa Marekani, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo. Hawakuwa angani. Walikuwa kwenye mazoezi, roketi chini yao haina hata mafuta, na ndiyo sababu zoezi lile halikuhesabiwa kuwa la hatari. Ndani walikuwa wamejaziwa oksijeni tupu, vitu vinavyoshika moto vimejaa kila mahali, na mlango ulikuwa unafungukia ndani, kwahiyo moto ulipowaka shinikizo la hewa likaubana mlango palepale. Hakuna aliyeweza kuufungua kwa wakati.

Safari za watu zikasimama mpaka Oktoba 1968. Kwenye huo muda wakakibomoa chombo kwenye karatasi wakaanza upya, mlango mpya unafungukia nje kwa sekunde chache, vitu vya kuungua vikatolewa, hewa ya wakati wa kuruka ikachanganywa na naitrojeni. Julai 1969 watu wakatua mwezini. Wapo wengi waliofanya kazi kule waliosema waziwazi kwamba bila ule moto wasingefika, maana kabla ya pale kila mtu alikuwa anakimbizana na tarehe na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kusema tusimame kwanza.

Vizuri. Sasa sogea mbele. Januari 28, 1986, chombo chao kingine, Challenger, kikasambaratika kikiwa kinapaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mainjinia wa kampuni iliyotengeneza zile roketi za pembeni walibishana kwenye simu kwamba baridi imezidi, mipira ya kuziba maungio haitafanya kazi. Mabosi wakawapita juu. Wakafa watu saba. Halafu Februari 1, 2003, chombo cha Columbia kikavunjika kikiwa kinarudi duniani, kipande cha povu kilipiga bawa wakati wa kuruka, mainjinia wakaomba lipigwe picha likiwa angani, ombi likakwama kwa wakubwa. Watu saba tena. Tume iliyochunguza Columbia ilisema utamaduni wa shirika ulichangia sawasawa na lile povu.

Shirika lile lile, lenye watu wenye akili kuliko sisi wote humu. Kwahiyo mleta uzi nakuunga mkono ila naongeza, hata mkiuwahi huo muda wa wiki sita, kizazi kinachofuata hakikuona kabati likivunjwa. Wao wanakuta karatasi ya funguo tu ukutani wanaona ni urasimu wa wazee.

BintiMzee

Injinia hapo mwisho umenigusa. Sisi ofisini tuna fomu moja ndefu kila mtu anaichukia, juzi nikamuuliza mzee mmoja anayekaribia kustaafu hii fomu ilitoka wapi, akanisimulia mkasa wa miaka ya nyuma mpaka nikanyamaza. Hakuna aliyewahi kutuambia. Tungeambiwa mkasa tungejaza fomu bila kununa.

Msema Chochote

Mimi nitakuwa wa kuharibu sherehe. Wote mnaleta stori za waliopona. Kanisa lililokufa haliji humu kufungua uzi. Kampuni iliyofilisika haina mtu wa kusimulia jinsi mgogoro ulivyowaimarisha. Mimi nimetoka kwenye kanisa ambalo mgogoro wa wachungaji wawili uliligawa, wengine wakaenda huku, wengine kule, na robo (mimi nikiwemo) tukabaki nyumbani Jumapili mpaka leo. Hakuna kabati lililofunguliwa. Kilichofunguliwa ni kesi.

Halafu kuna ile ya viongozi kutumia mgogoro kama kisingizio. "Kwa sababu ya hali iliyopo" uchaguzi umesogezwa. "Kwa sababu ya hali iliyopo" maamuzi yote yatapitia kwa mkurugenzi. "Kwa sababu ya hali iliyopo" tunapunguza wafanyakazi, halafu mwaka unaofuata bosi ana gari jipya. Hali iliyopo haiishagi.

Kalamu Butu

Msema Chochote pole sana kaka, na nakubali kabisa, wala sibishi. Nilisema mwanzoni wengi hawasimuliki, ila nikapita haraka mno hapo. Naomba nikuulize tu kama hutajali, ule mgogoro wa wachungaji wawili, kuna mtu aliwahi kusimama kwenye kikao akauliza swali la wazi?

Msema Chochote

Alisimama kijana mmoja wa kwaya. Aliuliza ni kweli kiwanja kimeandikwa jina la nani. Wiki iliyofuata akatolewa kwenye kwaya.

Kalamu Butu

Basi. Hapo ndo naona kila kitu kiliishia.

Rubani wa Karatasi

Na hiyo ya kijana wa kwaya inanipeleka kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, japo ni wa huzuni.

Machi 27, 1977, uwanja wa ndege wa Tenerife, ukungu mzito, ndege mbili aina ya 747, moja ya KLM, shirika la Uholanzi, moja ya Pan Am, shirika la Marekani. Ile ya KLM ikaanza kukimbia iruke bila kibali wakati Pan Am bado iko kwenye njia hiyo hiyo mbele yao. Ndani ya KLM, injinia wa ndege akauliza kwa upole tu, hivi yule mwenzetu bado hajatoka? Kapteni, ambaye ni mkubwa, anaheshimika, mwalimu wa marubani wenzake, akajibu kwa uhakika kwamba katoka. Injinia hakurudia. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo.

Baada ya hiyo na nyingine za miaka ile wenye mashirika walikubali jambo gumu kwamba ndege nzima, nzuri, yenye rubani bora, inaweza kuanguka kwa sababu mdogo kamwogopa mkubwa. Wakaanza mafunzo maalum, shirika la ndege la United la Marekani lilianza mwaka 1981, mdogo anafundishwa namna ya kusema na kurudia, na mkubwa anafundishwa namna ya kusikiliza bila kuona amevunjiwa heshima. Leo rubani msaidizi akisema tusitishe kutua, wanasitisha, mjadala baadaye.

Sasa ukiangalia yule mama wa swali kanisani kwa mleta uzi na yule kijana wa kwaya, walifanya kitu kile kile. Mmoja alijibiwa kwa funguo mezani, mwingine alijibiwa kwa kufukuzwa.

Mama Wawili

Naomba nitofautiane na wote kidogo, nitasema kwa heshima. Mnaongea kana kwamba viongozi hawajui mpaka mgogoro uje. Mara nyingi wanajua.

Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilitoa mfululizo wa habari za mapadre waliodhalilisha watoto na namna walivyokuwa wanahamishwa parokia hadi parokia. Juni mwaka ule ule maaskofu wa Marekani wakakutana Dallas wakapitisha taratibu za kulinda watoto, bodi za uchunguzi, kuwaondoa kwenye huduma waliothibitika, Desemba kardinali wa Boston akajiuzulu. Mabadiliko makubwa, nayaheshimu, na leo makanisa mengi ya madhehebu mengine yana taratibu za kulinda watoto yaliyojifunza kutokana na aibu ile. Lakini wazazi na waathirika walikuwa wameshaandika barua na kugonga milango miaka mingi kabla. Kwao mgogoro haukuanza 2002. Ulianza kwa viongozi 2002 kwa sababu ndo siku ulipotoka gazetini.

Kwahiyo tukisema "mgogoro ulileta mabadiliko mazuri" tuwe waangalifu tunasema mbele ya nani. Kuna mtu alilipia hayo mabadiliko na hakuulizwa.

Kalamu Butu

Mama, hili nimelisoma mara mbili na sina la kuongeza. Umenifanya nikumbuke kwamba hata kwetu wapo waliokuwa wanauliza kuhusu ile taarifa ya dakika mbili miaka nenda rudi, tukawaita wakorofi. Mmoja alishahama kanisa kabla mzee hajaugua. Hakuna aliyemfuata kumwambia ulikuwa sahihi.

Zege Halilali

Mfuateni basi mkuu, si bado yuko hai.

Nyumba ya Nyuma

Habari zenu. Nataka nilete mfano wa kanisa ambalo lilifungwa kabisa likafunguka kubwa zaidi, la Meserete Kristos kule Ethiopia, lina asili ya Wamenno (dhehebu la Kiprotestanti). Mwaka 1982 serikali ya kijeshi iliyoitwa Derg ililifunga, majengo yakachukuliwa, viongozi kadhaa wakawekwa ndani miaka. Wakati huo walikuwa waumini kama 5,000. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 wakatoka hadharani, wakahesabiwa kama 34,000.

Watu huishia hapo kwenye hesabu wakasema Mungu ni mkuu, na ni mkuu kweli, ila angalieni jinsi ilivyofanyika. Hakuna jengo, kwahiyo vikundi vidogo vidogo majumbani. Kikundi kikikua kinagawanyika maana watu wengi kwenye nyumba moja ni hatari. Kikundi kidogo hakiwezi kumsubiri mchungaji, kwahiyo walei wakafundishwa haraka haraka kufundisha wenzao, na wanawake wakabeba kazi kubwa maana wao waliweza kutembeleana bila kutiliwa shaka. Mateso yalilazimisha kile ambacho makanisa mengi yanakiandika kwenye mpango kazi kila mwaka na hakifanyiki, kila muumini awe na kazi.

Nasema haya nikijua kuna sehemu nyingine za dunia kanisa liliteswa likafutika kabisa, kama lile la Afrika ya Kaskazini ambalo lilitoa akina Agostino. Mateso peke yake siyo mbolea.

Fundi Saa

Mfano wangu ni mfupi na hauna moto wala damu. Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu za kamera. Kamera ya kidijitali ya kwanza ilitengenezwa ndani ya Kodak yenyewe, 1975, na injinia wao Steven Sasson. Januari 2012 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Miaka 37 katikati hapo! Hakukuwa na siku hata moja ambayo mtu alipata kiharusi na kabati likavunjwa. Biashara ya filamu iliendelea kulipa vizuri mwaka hadi mwaka mpaka ilipoacha.

Huu ndo mgogoro ninaouogopa mimi. Kanisani unaonekana hivi, vijana wanapungua wanne mwaka huu, watano mwakani, kwaya inaimba ila wote ni watu wazima, na hakuna kikao cha dharura hata kimoja kwa sababu hakuna dharura.

BintiMzee

Fundi Saa umeongea kwa ukatili. Kwetu shule ya Jumapili imebaki na watoto saba, na ni mwalimu mmoja tu anajua.

Kijana wa Mfumo

Naomba na mimi niseme ya kwangu, ofisi siitaji. Tulipoteza data. Kila siku usiku mfumo ulikuwa unaandika "nakala imehifadhiwa" na kijani kabisa, siku diski ilipokufa tukaenda kuchukua hiyo nakala, faili lipo, lina jina zuri, lina tarehe, ukubwa wake sifuri. Miezi saba lilikuwa sifuri. Hakuna aliyewahi kujaribu kulifungua hata mara moja.

Siku mbili baadaye likaitishwa kikao, swali la kwanza la meneja: NANI? Jamaa yetu mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa ndo jina lake liko kwenye ile kazi. Akaondolewa. Kikao kikaisha kwa dakika ishirini, barua pepe ikatumwa kwamba "hatua zimechukuliwa". Hakuna aliyeuliza kwanini haikuwa kazi ya mtu yeyote kujaribu kurudisha nakala.

Unajua tulichojifunza sisi tuliobaki? Kutoweka jina kwenye kitu chochote. Mwaka haukuisha, kitu kama kile kile kikatokea kwenye mfumo mwingine, na safari hii watu wawili walikuwa wameshaona dalili wiki kadhaa nyuma wakanyamaza. Mmoja wao ni mimi.

Injinia Mstaafu Mtarajiwa

Kijana, asante kwa kusema hilo la mwisho. Wengi wasingelisema.

Sasa hivi uko wapi, bado pale?

Kijana wa Mfumo

Nilihama. Nilipo sasa Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi tunachagua nakala moja bila mpangilio tunairudisha kwenye mashine tupu tuone kama inafunguka. Inachosha. Mwezi uliopita moja haikufunguka, bosi akasema safi, afadhali tumeijua leo, akaagiza tuandike sababu na hakuna aliyeulizwa jina. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi kidogo.

Msema Chochote

Huyo bosi anatoa nafasi za kazi?

Mwalimu wa Zamu

Hahaha.

Ila wakuu kuna kitu kimoja kwenye hii ya Kijana, kumbe kuna watu wanajitengenezea kamgogoro kadogo kila mwezi kwa makusudi ili wasisubiri kile kikubwa. Kanisani hii tunaweza kuifanyaje? Siku moja mchungaji asije bila kutoa taarifa tuone ibada inaendaje?

Rubani wa Karatasi

Marubani wanafanya hivyo hivyo, wanaingizwa kwenye mashine ya mazoezi, injini inazimwa wakiwa hawajajiandaa. Sema mchungaji asije bila taarifa waumini watadhani kanyakuliwa peke yake.

Zege Halilali

😂😂😂 nimefunga laptop.

Mama Wawili

Mleta uzi nimesoma uzi wote nasubiri mtu aulize, naona wote mmejikita kwenye utaratibu. Yule mzee mhazini alipona?

Kalamu Butu

Alipona Mama, asante kwa kuuliza. Ilichukua karibu mwaka. Mkono wa kulia haukurudi vizuri na maneno yanatoka polepole. Siku aliyorudi kanisani tulikuwa na wasiwasi, maana kabati lake limevunjwa, madaftari yake yako kwenye kompyuta ya binti mdogo, na sadaka inahesabiwa mezani na watu ambao wengine hajui hata majina. Tulidhani ataona ametupwa.

Alikuja mpaka mezani baada ya ibada, akavuta kiti akakaa. Hakuna aliyesema kitu. Akaangalia wanavyohesabu mpaka mwisho, wakaandika jumla, wakaweka sahihi watatu. Akasogeza lile rundo kwake kwa mkono wa kushoto akaanza kuhesabu upya moja moja, ilichukua muda mrefu sana, mlinzi alishafunga madirisha yote. Alipomaliza akasema mmekosea, imezidi noti moja. Wakahesabu tena, kweli.

Na M.K. ni Mama wa Kiti, yule aliyekuwa anatuazima viti vya harusi. Tulikuwa hatujamlipa.